Neno Lisilobadilika: Marudio katika Ushairi wa Mapenzi wa Kiajemi

Katika ghazali moja mashuhuri ya Hafez wa Shiraz, kila ubeti unamalizika kwa maneno yaleyale mawili, ya kumtaka msikilizaji asihuzunike. Ubeti mmoja unamtaja Yusuf aliyepotea, mwingine unataja gharika na Nuhu nahodha wake, mwingine unataja miiba ya jangwani inayomchoma anayekwenda Kaaba kwa shauku. Misiba inabadilika, liwazo halibadiliki. Kwa hesabu ya kawaida liwazo linalosemwa mara nyingi namna hiyo lingechosha, maana hata kwenye matanga pole ya kumi haina uzito wa pole ya kwanza. Katika ghazali hii hutokea kinyume chake. Kila linaporudi, liwazo limekwisha kuvuka msiba uliotangulia, na kwa hiyo linaaminika zaidi.

Jambo hili ni la kushangaza, nalo limeenea katika ushairi wa mapenzi wa Kiajemi kuanzia karne ya 12 hadi leo. Shuleni tunafundishwa kwamba kurudia neno ni upungufu wa msamiati. Washairi wa Uajemi, waliokuwa na msamiati mpana kuliko wengi wetu, walijifunga kwa hiari yao kurudia neno moja katika kila ubeti, na shairi likiwa bora neno hilo lilizidi kuwa na nguvu. Kwa nini? Nitajaribu kuonyesha kwamba marudio hayo yalikuwa ndiyo namna yao ya kufikiri juu ya mapenzi. Mtu anayependa hana habari mpya ya kutoa. Ana neno moja tu, na mambo mengi yanayompata akiwa amelishika neno hilo. Ghazali ya Kiajemi ilipata umbo linalolingana kabisa na hali hiyo.

Jengo la ghazali

Ghazali ni shairi fupi, kwa kawaida la beti tano hadi kumi na kitu. Ubeti wake ni mstari mrefu wenye nusu mbili zilizolingana kwa mizani. Katika ubeti wa kwanza nusu zote mbili hufungwa kwa kina kimoja. Kuanzia ubeti wa pili, ni nusu ya mwisho tu inayorudi kwenye kina hicho. Katika ubeti wa mwisho, au ule unaoukaribia, mshairi hulitaja jina lake la kishairi, kama fundi anayetia alama yake kwenye kazi aliyoimaliza.

Mpaka hapo msomaji wa mashairi ya Kiswahili hapati shida. Jambo la pekee linakuja baada ya kina. Ghazali nyingi huongeza neno, au kikundi cha maneno, kinachofuata kina na kurudi bila kubadilika hata herufi moja. Hiyo ndiyo radifu. Ili tuione ikifanya kazi bila kumkata vipande mshairi yeyote, nimetunga beti tatu za Kiswahili kwa umbo hilo. Kina ni -ni, na radifu ni neno "nakungoja":

Jua lazama mbinguni, mlangoni nakungoja;
Taa nimewasha ndani, dirishani nakungoja.

Jana nilikasirika, nikasema yamekwisha,
Nikaapa sikutaki, kiaponi nakungoja.

Mvi zimenitawala, miguu haina nguvu;
Hata wakinifukia, kaburini nakungoja.

"Nakungoja" ya mlangoni ni ya mtu mwenye tumaini. Ya dirishani ni ya aliyerudi ndani bila kukata tamaa. Ya kiaponi ni ya mtu anayejikanusha mwenyewe, kwa sababu kiapo cha kutokungoja kimegeuka kuwa mahali pa kungojea. Ya kaburini ni uaminifu ambao mauti yameshindwa kuuvunja. Kamusi ingetoa maana moja tu kwa neno hilo katika mistari yote minne. Kilichobadilika ni mahali mngojaji aliposimama.

Wataalamu wa ushairi wa Kiajemi walilijua jambo hili na wakaliwekea sheria. Shams-i Qays, aliyekimbia uvamizi wa Wamongolia na kumalizia kitabu chake kikubwa cha elimu ya ushairi huko Shiraz mwanzoni mwa karne ya 13, anaeleza kanuni za kina na radifu kwa undani wa fundi. Radifu inatakiwa irudi kwa umbo lilelile na kwa maana ileile. Kina kinatakiwa kibadilike: mshairi anayetumia neno lilelile la kina mara mbili karibu karibu anahesabiwa kuwa ametenda kosa, na kosa hilo lina jina lake, ita. Hata vina vya viambishi vinavyoweza kupachikwa popote, kama -ni ya mfano wetu, vilionekana kuwa vya kuokota njiani. Bingwa alitazamiwa kutafuta vina vilivyo ndani ya mzizi wa neno.

Hapo pana mvutano ambao ndio moyo wa sanaa hii. Neno moja linakatazwa kurudi, na jirani yake linakatazwa kuondoka. Kina kinaleta kila mara kitu kigeni, na radifu inakilazimisha kitu hicho kigeni kikae na neno la zamani. Msikilizaji anayejua ghazali, akishasikia ubeti wa kwanza, anajua tayari kila ubeti utaishia wapi. Barazani watu humsaidia msomaji kulitamka neno la mwisho kabla hajalifikia. Hamu yao haiko kwenye neno litakalokuja. Wanataka kujua litafikiwa kwa njia gani safari hii, na wakiona kwamba njia ni mpya na neno limeingia mahali pake bila kusukumwa, ndipo wanaposhangilia.

Radifu isiyoingia mahali pake iliitwa ujazo tu. Kipimo kilikuwa kikali: ukiliondoa neno na sentensi ikabaki na maana kamili, basi neno hilo lilikuwa limebandikwa. Radifu nzuri ni sehemu ya sarufi ya kila ubeti. Ni kitenzi ambacho bila hicho hakuna tendo, au ni jina ambalo bila hilo hakuna anayetendwa.

Kwa nini Kiajemi

Waarabu, ambao Waajemi walipokea kwao mizani, kasida na elimu ya balagha, walikuwa na kina kimoja tangu mwanzo wa shairi hadi mwisho, lakini radifu haikuwa desturi yao. Rashid al-Din Vatvat, katibu na mshairi wa watawala wa Khwarazm katika karne ya 12, aliona hivyo alipoandika kitabu chake cha mapambo ya lugha: radifu ni ya Waajemi, na Mwarabu anayeitumia anawaiga wao.

Sababu moja iko ndani ya lugha yenyewe. Katika Kiajemi kitenzi hukaa mwisho wa sentensi. Mtu hasemi "namngoja mpenzi mlangoni". Mpangilio wa kawaida ni "mlangoni mpenzi namngoja". Mshairi anayefunga ubeti kwa kitenzi anafuata njia ya kila siku ya usemi, na lugha hiyo ina vitenzi vichache vya kazi nyingi, kama vile kuwa, kufanya, kuja, kwenda na kuweka, ambavyo vinaungana na majina kutengeneza mamia ya maana. Kitenzi kimoja kinachorudi mwishoni kinaweza kuwa sehemu ya tendo tofauti kila mara. Ndiyo maana radifu nyingi za ghazali ni vitenzi.

Sababu ya pili ni kwamba Kiajemi, kama Kiswahili, hakitenganishi mwanamume na mwanamke katika viwakilishi. Neno lao la "yeye" halimtaji mwenyewe ni nani. Saadi na Hafez wote wawili wana ghazali ambazo radifu yake ni neno lenye maana ya rafiki au mpenzi. Neno hilo linaporudi beti kumi, msomaji anaweza kumwona mtu wa nyama na damu katika ubeti mmoja, mfalme anayeombwa fadhila katika mwingine, na Mwenyezi Mungu katika wa tatu, na hakuna kiambishi cha kumsahihisha. Msomaji wa Kiswahili anaonja jambo hili kwa urahisi ambao msomaji wa Kifaransa au Kiarabu hana.

Hata hivyo, lugha peke yake haielezi kila kitu, kwa sababu lugha ilikuwapo kabla ya mtindo. Katika tungo zilizobaki za Rudaki, aliyefariki mwaka 941 baada ya kuitumikia kasri ya Wasamani huko Bukhara, radifu ipo lakini ni haba na fupi. Washairi wa kasri ya Ghazna katika karne ya 11 nao hawakuitegemea sana. Radifu ilistawi katika karne ya 12, wakati kasida za kusifu watawala zilipokuwa uwanja wa kuonyeshana ubingwa. Washairi walichagua radifu ngumu makusudi. Mtafiti Franklin Lewis aliandika uchunguzi mzima juu ya kuibuka na kufifia kwa radifu moja tu, yenye maneno moto na maji. Mtu anayesifu mfalme na kulazimika kila ubeti kuyaleta pamoja mambo mawili yasiyopatana anapigana vita na lugha mbele ya watazamaji.

Wakati huohuo Sanai wa Ghazna, aliyefariki mnamo 1131, alikuwa akiifanya ghazali kuwa nyumba ya mapenzi ya kiroho, na huko radifu ilipata kazi nyingine. Masufi walikuwa na ibada ya dhikri, yaani kulitaja Jina la Mungu tena na tena hadi anayetaja ajisahau na abaki anayetajwa. Nizami wa Ganja alipotunga kisa cha Layla na Majnun mwaka 1188, alimchora mpenzi ambaye dunia yote imepungua ikabaki jina moja. Sitaki kudai kwamba kila radifu ni dhikri. Ghazali nyingi ni za mapenzi ya dunia hii, nazo hazihitaji kuombewa radhi. Lakini msikilizaji aliyezoea kuona jina likirudiwa kwa heshima, akijua kwamba kurudia ni njia ya kukaribia, alikuwa tayari kuisikia radifu kwa sikio hilo.

Mabingwa watatu, njia tatu

Saadi wa Shiraz, aliyefariki mwanzoni mwa miaka ya 1290, anajulikana zaidi nje ya Uajemi kwa Bustan ya mwaka 1257 na Golestan ya mwaka 1258. Nyumbani kwake watu wengi humhesabu kuwa bwana wa ghazali ya mapenzi. Sifa yake ya tangu zamani ni urahisi usioigika: maneno ni ya sokoni na nyumbani, sentensi ni kama mazungumzo, na bado hakuna anayeweza kuyapanga vile. Radifu zake nyingi ni vitenzi vya kawaida kabisa. Katika ghazali yake ya msafara, mpenzi anaondoka juu ya ngamia na mshairi anamsihi mwongoza msafara aende polepole. Radifu ni kitenzi cha kwenda, katika wakati unaoendelea. Kwanza kinachokwenda ni mpenzi na utulivu wa nafsi pamoja naye, kisha moyo, na hatimaye kitenzi hicho kinafika kwenye kutoka kwa roho. Kwenda kwa ngamia na kwenda kwa roho vimesemwa kwa neno moja, na Saadi hakuhitaji sitiara yoyote kuviunganisha. Radifu imeviunganisha.

Ustadi wa Saadi uko katika kulifanya rudio lisikike kama jambo lisiloepukika. Msafara hausimami, basi na kitenzi hakisimami. Msomaji hahisi kwamba mshairi amejifunga kwa kanuni. Anahisi kwamba hali yenyewe ndiyo isiyoruhusu neno jingine.

Rumi ni bahari nyingine. Jalal al-Din, mzaliwa wa 1207 aliyeishi Konya hadi alipofariki mwaka 1273, alikuwa mwanachuoni mwenye heshima zake mpaka Shams wa Tabriz alipoingia mjini mwaka 1244 na kuyapindua maisha yake. Shams alipotoweka miaka michache baadaye, Rumi alitunga ghazali zinazozidi elfu tatu, nyingi zikiwa na jina la Shams mahali ambapo mshairi angetia jina lake mwenyewe. Inasimuliwa kwamba siku moja alipita katika soko la wafua dhahabu, akasikia nyundo za mfuaji mmoja, Salah al-Din, zikigonga kwa mpigo mmoja, akaanza kuzunguka palepale barabarani. Kisa hiki kiwe kilitokea kilivyosimuliwa au la, kinasema kweli juu ya mashairi yake: kwa Rumi marudio huanzia mwilini.

Ndiyo maana radifu zake ni ndefu, mara nyingine sentensi nzima, na hazitoshelezwi na mwisho wa ubeti. Anaigawa nusu ya ubeti vipande viwili vyenye vina vya ndani, analirudia neno papo kwa papo, analiita tena kabla mwangwi wake haujaisha. Katika ghazali moja anawaamuru wapenzi wafe, wafe ndani ya mapenzi haya, na amri hiyo inagonga mara mbili mbili kama mkono juu ya dufu. Kila kifo kinachoamriwa kinafungua mlango: nje ya udongo, nje ya nafsi, nje ya wingu. Baada ya beti chache neno la kufa limemwagika maana yake ya kwanza na kujazwa ile iliyo kinyume. Katika ghazali nyingine radifu inaeleza kile anachokitamani, na orodha inaanza kwa uso na bustani. Inapanda hadi kwa shehe anayezunguka mjini na taa akimtafuta binadamu, naye anatamani kile ambacho watu wamemwambia hakipatikani. Kitenzi hakikuinuka, kilichoinuka ni kinachotamaniwa.

Hafez, aliyefariki Shiraz mnamo 1390, alirithi njia zote mbili na kuzitumia kwa hadhari kubwa. Diwani yake si kubwa. Toleo la Qazvini na Ghani la mwaka 1941 lina ghazali 495. Ndani yake hurudi jamii ileile ya watu na vitu: mnywaji asiyejali sifa, mzee wa klabu ya mvinyo, mcha Mungu wa kujionyesha, nywele za mpenzi, mnyweshaji, upepo wa asubuhi unaoleta harufu. Marudio yake makubwa yanavuka shairi moja. Neno linalotokea katika ghazali ya kumi linakuja likiwa limebeba lililofanywa nalo katika ghazali ya tatu, na hivyo msomaji wa diwani nzima anasikia sauti ambazo msomaji wa shairi moja hazisikii. Mubariz al-Din alipoutawala mji katika miaka ya 1350 na kuzifunga nyumba za mvinyo, neno la msimamizi wa maadili likawa na makali ya siasa. Mwanawe Shah Shuja alipotwaa madaraka mwaka 1358, neno lilelile lilisomwa kwa nafuu. Hafez hakulibadilisha neno. Mji ndio uliobadilika.

Mwanahistoria Khwandamir anasimulia kwamba Shah Shuja alimlaumu Hafez: beti za ghazali zako hazikai pamoja, huu unasema mvinyo, ule usufi, mwingine mpenzi. Hafez akajibu kwamba hata hivyo mashairi hayo yanajulikana kila mahali, na ya washindani wake hayavuki malango ya mji. Lawama hiyo imerudiwa na wasomaji wengi wa Ulaya tangu William Jones alipotafsiri ghazali ya Hafez mwaka 1771. Inaonekana kuwa na nguvu, maana hata nakala za mkono hazikubaliani juu ya mpangilio wa beti. Lakini aliyeilewa radifu ana jibu bora kuliko la majigambo. Beti za ghazali hazifuatani kwa kisa. Zinakutana mahali pamoja. Zinakuja kutoka pande mbalimbali na zote zinaishia kwenye neno moja, kwa hiyo umoja wake uko mwisho wa kila ubeti, siyo katika mwendo wa kutoka ubeti mmoja hadi mwingine. Ukiupangua mpangilio, umoja huo haupotei.

Marudio mengine

Radifu ni mfalme wa marudio, lakini haiko peke yake. Kinyume chake halisi ni jinasi, yaani maneno mawili yenye sauti moja au inayokaribiana na maana tofauti. Katika radifu, sauti na maana ya kamusi hubaki palepale na hali ndiyo inayogeuka. Katika jinasi, sauti hubaki na maana ndiyo inayogeuka. Ya kwanza inamwonyesha mpenzi asiyebadilika katika dunia inayobadilika. Ya pili inamwonyesha kwamba hata neno alilolishika lina uso wa pili. Mabingwa waliziweka zote katika shairi moja, na hapo msomaji hawezi tena kuwa na uhakika kwamba neno lililorudi ni lilelile.

Ipo pia mbinu ya kulichukua neno la mwanzo wa ubeti na kulirudisha mwishoni, hivi kwamba ubeti unajifunga kama duara. Na ipo tarji-band, shairi refu lenye sehemu kadhaa za kina tofauti, kila sehemu ikifungwa kwa ubeti mmoja usiobadilika. Hiyo ndiyo iliyo jirani zaidi na kibwagizo chetu. Tarji-band ya Saadi inarudi kila mara kwenye azma ya mpenzi kuketi na kushika subira, na kila sehemu inayofuata inathibitisha kwamba subira imemshinda. Kama angekuwa amefaulu mara ya kwanza, asingehitaji kuapa tena. Ile ya Hatef wa Isfahan, aliyefariki katika miaka ya 1780, inampeleka msimulizi hadi kwa Wazoroasta na kanisani kwa msichana wa Kikristo, na kila anapofika anasikia ushuhuda uleule wa umoja wa Mungu. Kwa Saadi kiitikio kinafichua kushindwa, kwa Hatef kinafichua ukweli uliojificha kila mahali. Umbo ni moja, na matumizi yake yanapingana.

Mwishoni kabisa kuna kujifunga kulikopita kiasi. Katibi wa Nishapur, katika karne ya 15, alitunga kasida iliyolazimika kulitaja neno la ngamia na neno la chumba katika kila ubeti. Watu wameikumbuka kwa ngamia na chumba chake. Mfano huu unafaa kukumbukwa na yeyote anayesifu marudio bila kupima. Neno linaporudi kwa sababu mshairi ameahidi kulirudisha, na hakuna hali ya moyo inayolidai, kinachobaki ni hesabu.

Kurudia maneno ya wengine

Marudio ya Kiajemi yalivuka pia kutoka kwa mshairi mmoja kwenda kwa mwingine. Mshairi aliyependezwa na ghazali ya mwenzake aliijibu kwa mizani ileile, kina kilekile na radifu ileile. Hafez aliwajibu hivyo Saadi, Khwaju wa Kirman na Salman wa Saveh. Amir Khusrau wa Delhi, aliyefariki mwaka 1325, aliijenga sehemu kubwa ya jina lake kwa kuwajibu waliomtangulia. Leo tungeuliza kama huo si wizi. Wao waliona kinyume. Kuchukua neno ambalo bingwa amekwisha kulitumia ni kukubali kupimwa naye hadharani, na neno lililowahi kutumiwa na Saadi si neno jepesi tena.

Utaratibu wa vitabu ulisaidia. Ghazali hazikuwa na vichwa, na diwani zilipangwa kwa alfabeti kufuata herufi ya mwisho ya kina au radifu. Kwa hiyo radifu ilikuwa ndiyo anwani ya shairi. Aliyeikumbuka aliweza kulifikia. Hata leo katika usiku wa Yalda, usiku mrefu kuliko yote wa majira ya baridi, familia za Irani hukaa pamoja, hufungua diwani ya Hafez kutafuta fali, na mara nyingi ubeti uliofunguliwa humalizika vinywani mwa watu kadhaa kwa pamoja.

Lakini urithi una gharama yake. Kipepeo na mshumaa, ndege bulbuli na waridi, vilikuwa vimetumika kwa karne nyingi kufikia wakati wa Saib wa Tabriz, aliyefariki miaka ya 1670, na Bidel wa Delhi baada yake. Wao walitafuta upya kwa kuzisokota picha za zamani hadi zikawa mafumbo. Katika karne ya 18 washairi wa Isfahan walichoka na mafumbo hayo, wakaamua kurudi kwa mabingwa wa kale, na wengi wao waliishia kuyarudia maneno bila hali iliyoyazaa. Nima Yushij alipoleta mageuzi kuanzia miaka ya 1920, aliukataa mstari wa urefu mmoja na kina cha lazima, na alikuwa na haki ya kuchoka. Hata hivyo Simin Behbahani, aliyeishi kati ya 1927 na 2014, aliirudia ghazali, akaipa mizani ambazo hazikuzoeleka, na akazungumzia vita, wanawake na nchi yake kwa umbo ambalo wengi walidhani limekufa. Umbo halikuwa limechakaa. Waliochakaa ni waliolirudia bila kuwa na la kusema.

Kinachofika kwetu

Goethe alisoma Hafez katika tafsiri ya Kijerumani ya Hammer-Purgstall, na mwaka 1819 akachapisha diwani yake ya Mashariki na Magharibi. Miaka miwili baadaye August von Platen alitoa ghazali za Kijerumani zenye radifu kamili. Katika Kiingereza ilichukua muda mrefu zaidi. Hadi mwishoni mwa karne ya 20 mshairi wa Kashmir, Agha Shahid Ali, alikuwa bado akiwahimiza wenzake huko Marekani waheshimu kina na radifu badala ya kuita ghazali kila shairi la mistari miwili miwili. Watafsiri wengi waliiacha radifu kwa sababu katika lugha zao ilisikika kama mtu anayegugumia. Walitoa picha, hekima na mvinyo, na msomaji wao akabaki akijiuliza kwa nini beti hazishikamani. Walikuwa wamemwondolea kile kilichozishika.

Wasomaji wa Kiswahili waliufikia ushairi wa Uajemi kwa mlango wa Khayyam, pale Shaaban Robert alipotoa Omar Khayyam kwa Kiswahili mwaka 1952, akipitia Kiingereza cha FitzGerald. Mlango huo ni mzuri, lakini ni wa rubai, shairi la mistari minne linalosema neno lake na kunyamaza. Chumba cha ghazali bado hatujakiingia ipasavyo, nasi tuna funguo. Tuna vina na mizani. Tuna kitenzi kinachobeba mtenda, wakati na mtendwa katika neno moja, na mshairi wetu amezoea tangu zamani kukipeleka kitenzi mwisho wa mstari anapohitaji. Tuna kiwakilishi kisichotaja jinsia. Na tuna wasikilizaji waliolelewa kwenye kiitikio, wanaojua kwamba kilichokwisha kusikika kinaweza kusikika upya.

Tunachopaswa kujifunza ni nidhamu. Kibwagizo kinaweza kusimama peke yake mwisho wa ubeti na kupumzika. Radifu haipumziki, inatakiwa ifanye kazi katika sarufi ya kila mstari. Mshairi anayetaka kuijaribu aanze kwa kutafuta neno ambalo anaweza kuishi nalo, kisha ajiulize katika kila ubeti: nikiliondoa, kuna kitu kitaanguka? Kama hakuna, neno halijastahili kurudi. Waajemi walikitumia kipimo hicho kwa karne nyingi, na kwa kipimo hicho Saadi, Rumi na Hafez wanaendelea kusomwa, wakati mamia ya waliotumia radifu zilezile wamesahauliwa.